Vyura wa Manjano Hawashikwi

Kwa miaka tisa Mama Nzi alishika vyura wa sumu kwa mikono mitupu kama mtu anavyoshika maharage ya kuchambua. Aliwaweka kiganjani, akawapima kwenye mzani mdogo wa sonara, akawageuza kidogo aone ngozi ya tumbo, akawarudisha kwenye majani yao. Kisha akanawa, akaenda kunywa chai. Hakufa. Hata kuwashwa hakuwashwa.

Wala hakukuwa na uchawi. Kila aliyefanya kazi kwenye Jumba la Vyura aliijua sababu, kuanzia mlinzi wa getini. Chura wa sumu hazaliwi na sumu, anaila. Kule kwao, kwenye misitu ya mvua ng'ambo ya bahari, anashinda akilamba sisimizi na utitiri wenye ukali wa kila namna, na ukali ule unahamia kwenye ngozi yake. Mchukue mtoto wake, mlee kwenye tangi la kioo, mlishe nzi wa matunda waliokuzwa kwa ndizi na hamira, na atakua na rangi zilezile za kutisha, lakini hatakuwa na madhara kuliko kijiko. Aliyekulia msituni ni habari nyingine. Huyo hata ukimfungia na kumlisha nzi, anabaki na sumu yake miaka na miaka.

Nzi wa jumba lile aliwakuza yeye. Chumba chake cha kazi kilikuwa na mitungi sitini kwenye rafu, kila mmoja na rojo la ndizi chini na kitambaa mdomoni, na nywele zake zilinuka ndizi mbivu hata siku za mapumziko. Aliyemwita Mama Nzi kwa mara ya kwanza ni Fundi Bomba, yule anayetunza mabomba ya mvua bandia, na jina likamganda. Hakulikataa. Alisema kwenye ukoo wa mumewe ameitwa mabaya zaidi.

Kwa hiyo asubuhi ile Fundi Bomba alipomwona, kutoka juu ya ngazi, anavaa glavu kabla ya kufungua tangi, alishuka ngazi mbili aone vizuri.

"Dada, umeumia mkono?"

"Mkono mzima."

"Basi glavu za nini? Unaenda kumzalisha nani?"

"Hawa siwaamini," alisema Mama Nzi, akaonyesha kwa kidevu.

Hawa ni vyura watano wa manjano waliokuwa na siku tisa tu pale, bado wametengwa kwenye chumba cha karantini. Manjano ya kiini cha yai, wakubwa kuliko wenzao wote wa jumbani, na macho meusi yasiyopepesa. Ni aina inayojulikana kwa ukali kuliko zote: porini, ngozi ya mmoja inatosha kulaza watu kumi wasiamke. Waliletwa na mfanyabiashara wa wanyama ambaye watumishi walimwita Mletaji, pamoja na karatasi yenye mihuri miwili iliyosema kwamba wamezaliwa shambani kwake, kizazi cha tatu, na hawajawahi kula kitu isipokuwa nzi.

"Karatasi si inasema wapole?" Fundi Bomba aliuliza.

"Njoo uwaangalie pua."

Aliinama, akakodoa macho. Vyura wote watano walikuwa wamechubuka kwenye ncha ya pua, mmoja hadi nyama nyekundu.

"Wamepigana?"

"Wanajigonga kwenye kioo. Wanaruka, pah! Wanaanguka. Kesho tena, pah! Wewe umewahi kumwona hata mmoja wa wale wa buluu akijigonga? Aliyezaliwa nyuma ya kioo anakijua kioo, kama wewe unavyoujua mlango wa kwako gizani. Hawa kioo wamekiona juzi."

Fundi Bomba alijikuna shingo. "Sasa utafanya nini?"

"Nitaangalia mavi."

Na hapo hakuwa anatania. Sakafu ya tangi la karantini huwa haina majani wala udongo, huwa na karatasi nyeupe yenye unyevu, na kazi ya karatasi ile ni moja tu: kuonyesha kilichodondoka. Mama Nzi alikuwa amekusanya vinyesi vyote tangu siku ya kwanza, akavitia kwenye vichupa na kuviandika tarehe. Alivilowesha, akavitawanya kwa sindano chini ya hadubini ya zamani iliyotegemezwa kwa kipande cha mbao. Kwenye vya siku ya sita kuendelea aliona mabawa ya nzi aliowakuza mwenyewe. Kwenye vya siku mbili za mwanzo hakukuwa na bawa hata moja. Kulikuwa na vichwa vya sisimizi. Vidogo, vyekundu, vimejaa kama ufuta kwenye mkate.

Alikaa kwenye kigoda chake akavitazama kwa muda. Halafu akakumbuka Ijumaa, akasimama.

Ijumaa ilikuwa Siku ya Kiganja. Mkurugenzi ndiye aliyeianzisha, miaka saba iliyopita, na ilikuwa fahari yake kuliko hata cheo. Siku hiyo shule moja ilialikwa. Mkurugenzi alisimama mbele ya watoto, akasoma kwa sauti nzito kibao kinachosema HATARI, SUMU KALI, kisha akafungua tangi, akamchukua chura wa buluu na kumweka kwenye kiganja chake kitupu. Watoto walipiga kelele. Naye akawaeleza habari ya sisimizi na nzi, na baada ya hapo kila mtoto akapita kwenye foleni, akanyoosha mkono, akawekewa chura kwa kuhesabu moja mpaka tano, akapewa beji. Lilikuwa jambo zuri. Mama Nzi mwenyewe alilipenda. Mwaka huu Mkurugenzi alitaka vyura wa manjano.

Ofisini kwake, ukutani, ilining'inia picha yake kubwa ya mwaka wa kwanza: chura wa buluu kiganjani, meno yote nje. Mama Nzi alikaa chini ya picha ile na kuweka vichupa viwili mezani, juu ya kadi za mwaliko.

"Nini hiki, mama?"

"Mavi ya vyura wapya."

Mkurugenzi alivuta kadi zake pembeni. "Umeniletea mavi mezani kwangu."

"Ndiyo. Yana vichwa vya sisimizi. Hawa vyura ni wa msituni, Mkurugenzi. Walikamatwa hata mwezi haujaisha. Karatasi ile ni ya uongo."

Alimweleza yote, pua na vinyesi, na jinsi wanavyokimbilia pembeni akigonga kifuniko, wakati vyura wa pale wakisikia mlio huo huja mbio kama kuku. Mkurugenzi alisikiliza akizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya, tatizo lake ni kwamba alikuwa ameshaisema hotuba yake kichwani mara nyingi mno.

"Sisimizi wako kila mahali," alisema. "Wameingia kwenye boksi njiani. Wameingia hapa hapa, stoo kwetu. Chura amewaona, amekula."

"Nilifikiri hivyo. Nikaweka sukari kila pembe ya jumba, nikawakamata wote tulio nao. Tuna aina tatu. Hakuna hata mmoja mwenye kichwa kama hiki. Njoo uangalie mwenyewe."

"Mama. Karatasi ina mihuri miwili."

"Muhuri haumwondolei chura sumu."

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Nakuheshimu sana. Lakini tukumbushane. Wewe una stashahada ya ufugaji."

"Ninayo. Na huko ndiko walikonifundisha kuangalia mavi."

Nje, mvua bandia ya saa nne ilianza kupuliza kwenye mabomba.

"Tumia wa buluu," alisema Mama Nzi, sauti chini kidogo. "Ni walewale, wamezaliwa mikononi mwangu, nawafahamu mpaka bibi zao. Wa manjano tuwapeleke maabara, wapimwe ngozi. Wiki tatu."

"Kadi zimetoka na picha ya chura wa manjano. Wa buluu wameshawaona miaka saba. Na Mletaji mwenyewe atakuwepo, mgeni rasmi. Nimwambie nini? Kwamba mlishaji wangu ameota?"

"Mwambie amedanganya."

"Ijumaa iko palepale," alisema Mkurugenzi. "Na ufunguo wa karantini naomba uniachie."

Mama Nzi aliuvua kwenye shada la funguo zake, akauweka juu ya kadi. Vichupa vyake alivichukua.

Jioni, nyumbani, alisuuza masufuria ambayo tayari yalikuwa safi. Binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa akikausha vyombo na kumtazama kwa pembe ya jicho.

"Mama, hilo sufuria limekukosea nini?"

Akamwambia. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo Fundi Bomba naye alikuwa amelisema mchana, karibu kwa maneno yaleyale.

"Si uumwe tu Ijumaa?"

"Niumwe nini?"

"Tumbo. Kichwa. Watu wanaumwa, Mama, hata we unaweza. Kikitokea kitu, haupo. Ulishasema, wamekataa, mikono yako safi."

Lazima isemwe kwamba wazo lile lilimkalia Mama Nzi vizuri kwa dakika nzima. Aliliona lote: yeye kitandani na kitambaa kichwani, simu imezimwa, na jambo lote likitokea mahali pengine kwa watu wengine. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ujao, na anayetia saini ya kuuendeleza ni mtu mmoja tu.

"Wako wangapi hao watoto?" binti aliuliza.

"Arobaini. Darasa la nne."

"Labda hawatadhurika. Kushika tu…"

"Nionyeshe vidole vyako."

"Mama!"

"Nionyeshe." Akavishika, akavigeuza kwenye mwanga wa taa. "Hapa umejikata na kisu cha vitunguu. Hapa umetafuna ukucha mpaka damu, na umri huu. Sasa niambie, mtoto gani wa darasa la nne hana mchubuko? Watoto arobaini, vidole mia nne. Na baada ya hapo watajipangusa macho, watakula biskuti walizopewa." Aliuachia mkono wa binti. "Nikiumwa Ijumaa, nani atasimama pale?"

Binti aliweka kitambaa chini. "Haya. Lakini usimtukane, tafadhali. Wewe ukianza huna breki."

"Simtukani mtu. Lini nimemtukana mtu?"

"Mwalimu wangu wa hesabu."

"Yule alistahili."

Jumatano vyura wa manjano walihamishiwa kwenye tangi kubwa la ukumbini, Mkurugenzi akisimamia mwenyewe. Mama Nzi alivaa glavu mbili kila mkono na kuwahamisha mmoja mmoja kwa kikombe, bila kusema neno. Alipomaliza akaenda kuchukua kadi nyeupe na kalamu nene, akaandika: VYURA HAWA WANA SUMU. WAMETOKA MSITUNI. MSIWASHIKE. Chini akaandika: Mimi ndiye ninayewalisha. Akaibandika kwenye kioo kwa gundi ya karatasi.

Mchana haikuwepo. Akaandika nyingine. Alhamisi asubuhi nayo haikuwepo, na kwenye pipa la ofisi kulikuwa na vipande vyake. Akaandika ya tatu, na safari hii akaenda kwa Fundi Bomba kuomba tyubu ya silikoni, ile inayoziba viungo vya matangi yasivuje.

"Dada, hiyo haitoki," Fundi Bomba alisema. "Hiyo ukishapaka, hata mimi siitoi bila wembe na siku nzima."

"Ndiyo maana naitaka."

Alipaka nyuma ya kadi yote, akaikandamiza kwenye kioo kwa viganja viwili mpaka ikashika. Saa nane Mkurugenzi alipita, akaivuta kwa kucha, ikakatika pembe tu. Akavuta tena. Akamwita Fundi Bomba. Fundi Bomba akaja na bisibisi, akainama, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa mno ya mtu anayezuia kucheka.

"Bosi, hii mpaka uvunje kioo."

Basi kikaletwa chungu kikubwa cha maua, chenye mti wa majani mapana, kikawekwa mbele ya kadi. Fundi Bomba alikisukuma, na alipompita Mama Nzi akasema bila kumtazama, "Nisamehe, dada. Nina watoto na mimi."

"Najua," alisema Mama Nzi. "Kwako sina neno."

Ijumaa saa tatu basi la shule lilifika. Watoto arobaini waliingia wawili wawili, soksi zimepanda, mwalimu wao nyuma akihesabu vichwa. Ukumbi ulikuwa na joto na unyevu wa kawaida, miwani ya mwalimu ikafifia kwa mvuke mara moja, watoto wakaangua kicheko. Mletaji alikuwa mstari wa mbele, suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, mguu mmoja juu ya mwingine. Mama Nzi alisimama ubavuni mwa tangi na koti lake la kazi, mahali anaposimama kila mwaka kumpokelea Mkurugenzi kifuniko.

Mkurugenzi alisoma kibao kwa sauti nzito. HATARI. SUMU KALI. Watoto wakasema "Uuuu!" Alikuwa na plasta ndogo kwenye kidole gumba, alijikata asubuhi akifungua boksi la beji. Mama Nzi aliiona plasta ile.

"Mkurugenzi," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Usifungue."

"Tulishazungumza, mama," alisema Mkurugenzi akitabasamu kwa watoto.

"Watoto, rudini nyuma hatua mbili," alisema Mama Nzi.

"Watoto, bakini mlipo," alisema Mkurugenzi. Akasogeza kifuniko. Chura mmoja wa manjano alikuwa amekaa juu ya jani lililo karibu, mkubwa, ametulia, koo linadunda. Mkurugenzi aliingiza mkono wa kulia, plasta na yote.

Mama Nzi alimpiga.

Halikuwa kofi la ugomvi. Lilikuwa lile la mama aliyemwona mtoto ananyoosha mkono kwenye sufuria ya mafuta: halina hesabu, halina adabu, na kamwe halikosi. Lilitua nyuma ya kiganja cha Mkurugenzi na kulia ukumbi mzima. Mkono ukatoka kwenye tangi. Mama Nzi akafunga kifuniko, akaegemea juu yake kwa viwiko vyote viwili.

Mwalimu alivua miwani.

"Umenipiga," alisema Mkurugenzi, kwa sauti ndogo.

"Nimekupiga."

"Mbele ya watu."

"Wewe ulitaka kufa mbele ya watu. Ningekupigia wapi?"

Mkurugenzi alijinyoosha, akavuta koti. "Toka. Kazi yako hapa imekwisha leo hii."

"Sawa. Nitatoka, hata mkoba sichukui," alisema Mama Nzi. Hakuinua viwiko. "Lakini kwanza mwite mgeni wako. Huyu bwana kwa karatasi yake amewakuza hawa vyura, wao na wazazi wao na mababu zao. Amewashika tangu viluwiluwi. Aje awashike sasa hivi, mkono mtupu. Akimshika mmoja tu, mimi naondoka na kukuomba radhi nikiwa nimepiga magoti."

Macho yote yaligeukia suti ya kijivu. Mkurugenzi naye aligeuka, na usoni mwake kulikuwa na nafuu, kwa sababu hapo njia ilikuwa imepatikana.

"Vizuri sana," alisema. "Bwana, karibu mbele. Tumalize mchezo huu."

Mletaji alishusha mguu. "Ningependa," alisema. "Ningependa sana. Ila nimepaka losheni. Ngozi ya chura haitaki losheni, inamdhuru. Mama hapa ni mtaalamu, anajua."

"Ni kweli, inamdhuru," alisema Mama Nzi. "Sinki lile pale. Maji yamechujwa, hayana klorini. Nawa."

Mletaji aliangalia sinki. Akaenda. Alikunja mikono ya shati taratibu, kwanza kushoto, halafu kulia, akafungua bomba, akanawa. Alinawa viganja. Akanawa nyuma ya viganja. Akanawa kila kidole peke yake, kisha akarudia kuanzia kile cha kwanza. Maji yalikwenda na kwenda. Msichana mmoja mwenye mikia miwili ya nywele, aliyekuwa mbele kabisa, alivumilia mpaka akashindwa.

"Mjomba," alisema, "si imeshatakata?"

Mwenzake akamnong'oneza, kwa mnong'ono unaofika uani, "Anaogopa."

"Haogopi. Anaosha."

"Anaosha nini? Hata mimi nikienda chooni sioshi hivyo."

"Nyamazeni," alisema mwalimu, lakini na yeye alikuwa anamtazama yule bwana.

Mletaji alifunga bomba. Mama Nzi alimnyooshea taulo. Aliipokea, akajipangusa, akapiga hatua tatu kuelekea tangi, na yule chura mkubwa wa manjano akageuka kwenye jani akamtazama kupitia kioo. Mletaji alisimama. Kisha akapapasa mfuko wa koti.

"Nimeacha simu kwenye gari," alisema. "Dakika moja tu."

Akatoka. Walimsikia akitembea kwenye korido, halafu wakamsikia akikimbia. Gari likawaka.

Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Darasa," alisema, "mikono nyuma. Wote. Sasa hivi."

Mikono themanini ilienda nyuma. Mkurugenzi alibaki amesimama katikati ya ukumbi, akiangalia mkono wake wa kulia, ule mwekundu nyuma na plasta kwenye gumba, kana kwamba kuna mtu amemwachia aushike kwa muda. Hatimaye akauingiza mfukoni.

"Mama," alisema bila kuinua macho. "Waonyeshe wa buluu."

"Si umenifukuza?"

"Waonyeshe kwanza wa buluu."

Watoto wote walimshika chura wa buluu, moja mpaka tano, na wote wakapata beji. Yule wa mikia miwili alirudi kwenye foleni mara ya pili kwa jina la mwenzake na Mama Nzi akajifanya hajaona. Chungu cha maua alikiondoa yeye mwenyewe, kwa kukisukuma kwa paja.

Mama Nzi angependa kusema kwamba Mkurugenzi alimfuata jioni ile na kumshukuru. Hakumfuata. Jumatatu alimpa barua. Ilisema kwamba mtumishi amempiga kiongozi wake mbele ya wageni, jambo ambalo halijapata kutokea tangu jumba lianzishwe, na kwamba aandike kuomba radhi kabla ya saa sita mchana ili suala la mkataba wake litazamwe kwa huruma.

"Andika tu," Fundi Bomba alimsihi mlangoni. "Neno moja. Samahani. Unalitema, unaenda zako. Sote tunajua ulikuwa na haki, hata yeye anajua."

"Kama anajua, radhi ya nini?"

"Ya kofi, dada. Kofi ni kofi."

"Kofi ndilo lililofanya kazi. Maneno niliyasema wiki nzima."

Alikaa kati ya mitungi yake, akaandika kwa kalamu ileile nene kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Hakuchukua muda. Aliipeleka mwenyewe, akasimama mbele ya meza wakati Mkurugenzi anasoma.

Barua ilisema: Nilimpiga Mkurugenzi mkono wa kulia, kofi moja, Ijumaa saa nne kasoro. Mkono ulikuwa na kidonda na ulikuwa unaingia kwenye tangi la vyura wa msituni, na baada yake ingeingia mikono ya watoto arobaini. Siombi radhi. Mkono huo ukirudi hapo nitaupiga tena. Kama mkataba hautaendelea, anayekuja aambiwe kwamba nzi wanahitaji rojo jipya kila baada ya siku kumi, na kwamba chura wa manjano mwenye kidonda kikubwa puani apewe chakula peke yake, wenzake wanamnyang'anya.

Mkurugenzi aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaisoma tena.

"Hii si barua ya kuomba radhi."

"Siyo."

"Nilisema kabla ya saa sita."

"Ni saa tano na robo. Nimewahi."

Alivuta pumzi kupitia puani. Alipojiegemeza kwenye kiti, kichwa chake kilikuja sawasawa chini ya ile picha ya meno. Simu ya mezani iliita, hakuipokea. Ilipoacha kuita alifungua kabati la chini, akatafuta jalada lake kwa kupekua pembe za karatasi, akaiweka barua ndani. Halafu kutoka kwenye jalada lilelile akatoa fomu ya mkataba, ile ya mwezi ujao, akatia saini upesi upesi, kama mtu anayemeza kidonge.

"Hii si huruma," alisema.

"Sikuiomba."

"Hakuna mwingine anayewafahamu. Basi."

"Basi inatosha," alisema Mama Nzi, akaikunja fomu mara mbili. "Na hao wa manjano?"

"Wapelekwe maabara. Kisha tutafute watu watakaowarudisha kwao. Andika wewe barua." Akasita. "Kwa adabu, lakini."

"Nitajaribu."

Alikuwa ameshafika mlangoni alipoitwa.

"Mama. Lile kofi. Ulipiga kwa nguvu zako zote?"

Mama Nzi alifikiri kwa uaminifu, mkono kwenye kitasa.

"Nusu," alisema, akaenda kuwalisha.